Furushi la Arusha

Mwanzoni mwa 1977 nilikuwa mpishi wa safari. Waajiri wangu, bwana mmoja Mholanzi na mkewe, walikuwa na Volkswagen Kombi yenye kitanda, meza ya kukunja na paa la turubai lililoinuliwa usiku. Mshahara ulikuwa mdogo. Niliukubali kwa kuwa mwisho wa safari ulikuwa Ngorongoro, na njia ilipitia Namanga na Arusha. Kaka yangu alikuwa karani makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki huko Arusha. Alikuwa ameoa kulekule, na shemeji ndio kwanza amejifungua. Mama alinipa furushi: doti ya kanga ya mzazi na shanga za mtoto.

Lakini kwanza tulizunguka upande wa kaskazini. Tuliteremka Bonde la Ufa kwa barabara ya zamani ya Mai Mahiu, iliyojengwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita Vikuu vya Pili, waliojenga pia kanisa dogo kando yake. Malori yaliyokuwa yakipanda yalisimama kwenye kona, rejeta zikifoka mvuke. Kombi haikuwa na rejeta. Injini yake ilipozwa kwa hewa. Ilikwenda polepole, lakini ilikwenda.

Naivasha tulilala chini ya migunga. Usiku viboko walitoka ziwani kula nyasi, tukawasikia wakitafuna karibu na magurudumu. Mke wa yule bwana alitaka kutoka na tochi awatazame. Nikamzuia, maana kiboko aliye nchi kavu ukimkatia njia ya majini hakusamehi. Nakuru tulinusa magadi kabla hatujaliona ziwa. Ufuo mzima ulikuwa wa waridi kwa heroe, ndege wanaopata rangi yao kwenye mwani wanaokula.

Kutoka hapo tulipanda Nyahururu, mahali ambapo wengi walikuwa bado wanapaita Thomson's Falls, kwa jina la Mskoti Joseph Thomson aliyefika mwaka 1883. Mto Ewaso Narok unaanguka pale zaidi ya mita 70, na manyunyu yake yanalowesha majani bondeni mchana kutwa. Baridi ilikuwa kali. Nilikuwa nimeinjika chai, redio ya Kombi iko wazi, habari zikasomwa: Tanzania imefunga mpaka wake na Kenya.

Wakubwa walikuwa wamegombana kwa miezi juu ya fedha za mashirika ya pamoja. Shirika la ndege la Afrika Mashariki lilikuwa limesimama, Kenya ikaanzisha lake, na Tanzania ikajibu kwa kufunga mpaka na kuyazuia magari na ndege ndogo za Kenya zilizokutwa kwake. Katikati ya mwaka huo Jumuiya yenyewe ikafa.

Bwana yule alitandaza ramani mezani. Ilikuwa ramani moja ya nchi zote tatu za Jumuiya, mipaka imechorwa kwa vistari vyembamba kuliko barabara. Kabla chai haijapoa, walikuwa wamepata njia nyingine: Baringo, kisha Samburu. Haikuwa safari mbaya. Tuliona punda milia wa Grevy, wenye mistari myembamba, na twiga wa kaskazini wenye mabaka kama wavu. Wageni walifurahi, wakanilipa Nairobi, wakaenda zao. Nami nikamrudishia mama furushi lake.

Kaka alibaki upande wa pili. Habari zake tulizipata kwa watu waliopita njia za panya. Novemba 1983 marais Moi, Nyerere na Obote walikutana Arusha, mpaka ukafunguliwa. Nilisafiri na mama. Yule mtoto alikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi, akatuamkia kwa adabu kama wageni. Shanga hazikumtosha, kanga alizipokea mama yake.

Leo Namanga ina kituo cha pamoja, kilichozinduliwa 2018, unagongewa mihuri yote ndani ya jengo moja. Lakini njia ya Bologonja, kati ya Maasai Mara na Serengeti, haijafunguliwa tena kwa watalii tangu 1977. Mjukuu wangu huendesha watalii. Wakitaka kuziona mbuga zote mbili, huwazungusha hadi Isebania na Sirari, akinung'unikia dizeli na siku nzima iliyopotea. Huwa namwambia kwamba hilo ni deni la 1977, na ameanza kulilipa kabla hajaelezwa nani alilikopa.