Ndugu Wawili, Mmoja Ana Sumu

Mwezi wa Septemba mwaka 2001, huko Uholanzi, watu walikunywa chai ya viungo kama walivyozoea. Baada ya saa mbili hadi nne walianza kujisikia vibaya, wakapatwa na kichefuchefu na kutapika. Watu 63 waliripotiwa kuugua; 22 kati yao walilazwa hospitali, na wengine walishikwa na degedege mithili ya wagonjwa wa kifafa. Aliyechemsha maji hakukosea lolote. Kosa lilikuwa limekwisha kuingia ndani ya pakiti kabla haijafika dukani.

Kiungo kilicholeta balaa hiyo ni tunda kavu lenye umbo la nyota, ambalo wapishi wengi hulitia katika pilau, mchuzi na chai. Mti wake halisi huota kusini mwa Uchina na kaskazini mwa Vietnam, nao hauna madhara kwa mlaji wa kawaida. Lakini mti huo una nduguye huko Japani, uitwao shikimi. Wajapani hawaupiki; huupanda kwenye mahekalu na makaburini, na majani na magome yake husagwa yakafukizwa kama ubani. Ndani yake mna sumu iitwayo anisatini, ambayo huzuia ile nguvu ya ubongo ya kutuliza mishipa ya fahamu. Mishipa ikikosa kutulizwa, mwili hutetemeka wote.

Nyota ya Uchina aghalabu ina ncha nane. Ile ya Japani ni ndogo zaidi na ncha zake hupinda kama ndoana, na harufu yake ni hafifu. Mzoefu akizitazama zikiwa nzima huenda akazitenga. Zikivunjika vipande, au zikisagwa na kuchanganywa na majani mengine, jicho halina la kusema na pua nayo hudanganyika.

Wala si wapishi peke yao waliodanganyika. Mtaalamu mashuhuri wa mimea, Linnaeus wa Uswidi, mwaka 1759 aliupa ule mti wa Japani jina la Kilatini lililotokana na anisi, kana kwamba ndio unaostahili kuliwa. Ilipita zaidi ya karne moja hadi mwaka 1888, ndipo Mwingereza Joseph Dalton Hooker alipoupa mti wa Uchina jina lake mwenyewe, *Illicium verum*, na neno hilo la pili maana yake ni "wa kweli". Hivyo jina zuri lilibaki kwa mwenye sumu, na mwema akasajiliwa amechelewa.

Msiba huu ulibisha hodi hata kwa watoto wachanga. Mwaka 2003 idara ya serikali ya Marekani inayosimamia vyakula na dawa ilitoa onyo baada ya kupata habari za watu wapatao 40 waliougua kwa kunywa chai ya kiungo hicho, na miongoni mwao wapatao 15 walikuwa watoto wachanga. Akina mama walikuwa wamewapa ili kutuliza msokoto wa tumbo. Ni nani atakayemlaumu mama anayeamka usiku kumtafutia mwanawe nafuu?

Askari polisi anajua kwamba watu wawili wanaofanana uso hutengwa kwa alama za vidole. Mmea hauna vidole, lakini una maandishi ya urithi, yaani DNA, katika kila seli yake, yaliyoandikwa kwa herufi nne tu. Mwaka 2003 Paul Hebert na wenzake wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, walipendekeza kwamba kipande kifupi cha maandishi hayo kitumike kutambulisha kiumbe, kama ile mistari myeusi iliyopigwa kwenye bidhaa za dukani. Kipande kilichofaa kwa wanyama hakikufaa kwa mimea, maana kwa mimea hubadilika polepole mno. Basi mwaka 2009 wataalamu wa nchi mbalimbali walichagua vipande viwili, *rbcL* na *matK*, vinavyopatikana katika sehemu za kijani za seli ambamo mmea hutengenezea chakula chake kwa mwanga wa jua. Punje ndogo ya jani kavu hutosha: DNA hutolewa, kipande hunakiliwa mara nyingi sana, herufi husomwa, kisha hulinganishwa na zile zilizohifadhiwa.

Hata hivyo shahidi huyu naye ana mipaka. Katika majaribio ya mwaka 2009 vipande hivyo viwili vilitenga asilimia 72 tu ya aina za mimea. Iliyosalia ilifikishwa kwenye ukoo wake, ikaachwa hapo. Na ndugu wa karibu ndio wasumbufu hasa, kwa kuwa herufi zao zinakaribia kuwa moja. Ndiyo sababu huongezwa vipande vingine, kama *ITS* na *trnH-psbA*. Tena, moto na kusagwa sana huikatakata DNA, na kipimo hiki husema ni mti gani uliomo, hakisemi sumu ni kiasi gani. Kazi hiyo ni ya mkemia.

Lakini lililo gumu kuliko yote halimo katika mashine. Herufi zinazosomwa hulinganishwa na za jani fulani lililobanwa kwenye karatasi na kuwekwa kabatini, likiwa na jina la mti, mahali lilipochumwa, tarehe na jina la mchumaji. Ikiwa mchumaji alikosea jina, mashine italirudia kosa lake kwa uaminifu mkubwa. Kwa hiyo kabla ya kusomwa herufi hata moja, bado anahitajika mtu wa kusimama chini ya mti wenyewe na kuyahesabu maua yake.