Barua Yangu ya Kuomba Kazi

Wenzangu, mwakani nitamaliza masomo, na wadogo zangu watatu wanangojea karo itokane na mshahara wangu. Nataka ukarani kwa wakala wa forodha huko Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, ambako madereva wa malori ya Mombasa husema Kiswahili. Katiba yetu ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, lakini wengi wetu twakiogopa. Basi barua yangu itasema hivi: Kiswahili naandika, hesabu najua, kompyuta ningali najifunza. Nitavaa shati safi na kufika mapema, lakini kila neno nililoandika laweza kuulizwa mezani. Nanyi wanafunzi wa zamani mlio kazini, tafadhali tuandikieni: ninyi mliulizwa nini?