Barua kutoka Kigali: Vidonge Usiviache

Mama mdogo,

Picha ya mashine yako ya presha nimeipata. Juu 128, chini 78, na maneno yako: "Imeshuka, vidonge naacha." Usiviache. Hiyo 128 ni kazi ya vidonge. Ukiviacha presha itapanda tena, wala haitapiga hodi. Utaendelea kuchoma maandazi na kubishana na majirani kama kawaida, huku mishipa ya ubongo, moyo na figo ikiumia. Kama miguu inakuvimba, hiyo amlodipini yako huwafanyia hivyo baadhi ya watu. Mwambie daktari akubadilishie dawa. Kubadilishiwa na kuacha ni mambo mawili.

Huku Kigali mambo ya presha hufanyika hadharani. Tangu 2016 kuna Jumapili ambazo barabara kadhaa kubwa hufungwa asubuhi, magari hayapiti, na watu wa kila rika wanakimbia, wanatembea, wanaendesha baiskeli. Wenyewe wanaita siporo rusange. Mimi sikimbii, kupanda kutoka Nyabugogo hadi mjini kwa miguu kunanitosha, milima ya huku haina huruma. Kinachonivuta ni mahema ya wahudumu wa afya kando ya barabara. Unapimwa uzito, sukari na umuvuduko w'amaraso, yaani presha, bila kutoa senti, na unapimwa ukiwa mzima. Kwetu Tanga wengi hukutana na ule mkanda wa mkononi siku wameshaanguka.

Juzi mbele yangu kwenye foleni alikuwepo mzee mmoja wa Nyamirambo, fulana ya timu ya Rayon Sports, Kiswahili kinamtiririka. Kafika anahema, kanyoosha mkono, hataki kungoja. Nesi akampima hivyo hivyo: 152 kwa 94. Mzee akanywea. Nesi akamwambia akae dakika tano kwanza, mgongo ameegemeza. Akakaa, akakunja nne. Akaambiwa ashushe mguu. Akaanza habari za timu ya APR na refa, akaambiwa, "Muzehe, ukiongea inapanda." Mkono ukawekwa juu ya meza, usawa wa moyo. Safari hii 136 kwa 84. Akataka kuondoka zake anacheka, nesi akamshika kwa maneno: hiyo nayo si ya kuchekea, nenda kituo cha afya wakakupime tena siku nyingine.

Yule nesi alikuwa na haki zote mbili, ya kutomtisha na ya kutomsifu. Namba ya juu ni nguvu ya damu moyo unapojikaza kuisukuma, ya chini ni moyo unapolegea kabla ya pigo lijalo. Kwa mtu mzima, chini ya 120 kwa 80 ni njema. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, na ikarudia siku tofauti, hiyo ni presha ya kupanda kwa kipimo cha hospitali. Madaktari wa Marekani tangu 2017 wanaanza kuhesabu kwenye 130 kwa 80, ndiyo maana binti yako wa kule anakutisha kwa simu kuliko daktari wako wa hapo. Katikati ya mistari hiyo ni mahali pa kujiangalia. Hata ikisomeka namba moja tu imepita, ya juu au ya chini, imepita.

Mashine ya nyumbani ina mstari wake: wastani wa 135 kwa 85 kwenda juu ndio wa kutia shaka, kwa sababu nyumbani mtu hana hofu ya koti jeupe la daktari. Pima asubuhi kabla ya vidonge na kabla ya kahawa, umeshakwenda haja, mara mbili kwa kupishana dakika moja. Na jioni vivyo hivyo. Siku saba, kwenye daftari. Ya siku ya kwanza usiihesabu. Daftari hilo ndilo la kumpelekea daktari, picha moja ya simu haimsaidii.

Ikifika 180 kwa 120, na kifua kinabana, pumzi inakata, mdomo unakwenda upande au mkono umekufa ganzi, usipime mara ya pili wala usitafute kitunguu saumu. Hospitali. Na ile ya dada yangu ya 90 kwa 60 isiwatie wasiwasi kama haoni kizunguzungu; wako watu wameumbwa hivyo.

Ulisema presha yetu ni ya ukoo. Ukoo umo, ila si peke yake. Mwaka 1990 jarida la British Medical Journal lilichapa utafiti uliowafuata Wajaluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda kuishi Nairobi. Damu ni ile ile ya waliobaki nyumbani, lakini muda mfupi tu baada ya kufika mjini presha zao zilikuwa zimepanda, na mkojo wao ulionyesha chumvi zaidi na potasiamu kidogo, hiyo inayopatikana kwenye matunda, mboga na ndizi. Nami mhamiaji niliyezungukwa na mishikaki ya mbuzi iliyokolezwa chumvi najiangalia. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi isifike gramu 5 kwa siku, pungufu ya kijiko cha chai, ikiwemo iliyojificha kwenye vidonge vya supu. Papa na ng'onda wako basi, roweka, mwaga maji, roweka tena. Sisemi usile. Nani angekubali?

Zile diklofenaki za goti unazonunua duka la dawa bila kuuliza, nazo hupandisha presha. Zitaje kwa daktari.

Na mjomba apimwe. Najua atasema kichwa hakimuumi. Mwambie karibu nusu ya wenye presha duniani hawajijui, wala vichwa haviwaumi. Akikataa nipe namba yake mpya, nitampigia mwenyewe.