Kipimajoto cha Saa Mbili Asubuhi

Miezi yangu minne ya mwanzo kazini, kitabu cha joto kilipendeza kupita kiasi. Kila siku saa mbili asubuhi nilifungua stoo ya dawa, nikasoma kipimajoto kilichotundikwa kando ya mlango, nikaandika: 26, 27, 26. Mkaguzi alipita, akatia sahihi, akanisifu hata mwandiko. Makopo yaliandikwa yahifadhiwe chini ya nyuzi joto 30, nami nilikuwa chini ya 30. Nini tena?

Pua ndiyo iliyonishtua. Nilishusha kopo la aspirini la vidonge 1,000 kutoka rafu ya juu kabisa, ile inayokaribia bati, nilipolifungua nikapigwa na harufu ya siki. Vidonge vilikuwa vimeota vinywele vyeupe vinavyometameta. Tarehe ya mwisho wa matumizi ilikuwa miezi kumi na mmoja mbele. Chuoni nilishajibu swali hilo nikapata alama zote: aspirini ikipata unyevu huvunjika, ikawa asidi ya salisili na asidi ya asetiki, na hiyo ya pili ndiyo ile ile iliyomo kwenye siki. Sikuwahi kufikiri kwamba jibu la mtihani lina harufu.

Nikakiondoa kipimajoto mlangoni, nikakiweka rafu ya juu, nikarudi saa tisa alasiri. Kilisoma 38.

Nyuzi 8 za ziada si nyingi kwa mtu aliyekaa chini ya mwembe. Kwa dawa ni nyingi. Mwaka 1889 Svante Arrhenius, mkemia wa Uswidi, alieleza jinsi joto linavyoendesha kasi ya mmenyuko: molekuli haivunjiki mpaka ipate nishati ya kuvuka kizingiti chake, na joto likipanda kidogo tu, zinazoweza kuvuka huongezeka sana. Sisi wa dirisha la dawa tunabaki na kanuni ya haraka haraka: kila nyuzi 10, kasi huongezeka mara mbili, pengine mara tatu. Dawa iliyopewa miaka 2, ikikaa muda wote nyuzi 10 juu ya kiwango chake, inaweza kuishiwa ndani ya mwaka 1 au hata miezi 8. Na kuishiwa si kubaki chokaa tupu. Kwa dawa nyingi ni kupoteza asilimia 10 tu ya nguvu yake.

Nikahamishia makopo rafu za chini, nikaanza kuandika joto mara mbili kwa siku.

Wiki chache baadaye akaja bibi mmoja na mjukuu mgongoni, mkononi ana kichupa cha amoksilini ya maji kilichobaki nusu.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Hii alipewa kaka yake mwezi uliopita. Nisomee tarehe, macho yangu hayaoni.”

Tarehe ilikuwa nzima, mwaka na zaidi mbele. Dawa yenyewe ilikuwa imegeuka rangi. Ile tarehe ilikuwa ya unga mkavu. Tangu siku ulipotiwa maji, kichupa kilianza kuhesabu upya: siku 7 kwenye joto la kawaida la chumba, na aina nyingi hufika 14 kwenye friji. Amoksilini ina pete ya atomu nne iliyokunjwa kwa nguvu kama upinde, na ndiyo inayoua vijidudu. Maji huifungua. Ikishafunguka, hairudi.

Hapa pana jambo ambalo mimi hulipenda, ingawa bibi sikumweleza. Kwenye kichupa kile dawa nyingi huelea bila kuyeyuka, na maji huvunja ile iliyoyeyuka tu. Ikivunjika chembe moja, punje nyingine huyeyuka kujaza nafasi, kwa hiyo kiasi kinachopotea kila saa ni kilekile, mwanzo hadi karibu na mwisho. Dawa iliyoyeyuka yote haiendi hivyo: hupoteza nyingi mwanzoni, kisha kidogo kidogo kadiri inavyopungua.

Nilimwambia tu, “Bibi, hii imekufa tangu ilipomaliza wiki. Mtoto kwanza aonwe na daktari.”

Akakitazama kichupa. “Mbona hamkuandika?”

Kweli hatukuandika. Lebo ilisema vijiko na saa, siku ya kumwaga haikuwepo. Nilimwomba radhi, na tangu hapo kila kichupa ninachokichanganya nakiandikia siku ya mwisho kwa kalamu nene. Siandiki “siku 7”. Naandika “mwisho Jumanne”.

Mkaguzi aliporudi, akafungua kitabu cha joto, akashuka na kidole kwenye safu ya alasiri: 36, 37, 36. Akauliza kwa nini stoo yangu imepata joto ghafla hivyo.

Nikamwambia haikupata joto ghafla.