Namba ya Nyumba

Mwaka 2008, nikiwa mwanafunzi, niliandika kwa lugha ya C programu ndogo ya chama cha kuweka na kukopa. Kila mwanachama alikuwa na rekodi yake: jina, akiba, na pointa inayoelekeza kwa mdhamini wake. Siku moja nikataka kumjua mdhamini wa Halima. Nikaita printf, nikaweka %p, skrini ikanijibu: 0x804b008.

Mwalimu aliyekuwa amesimama nyuma yangu akacheka. "Umeuliza mtu, umepewa namba ya nyumba. Nenda ukabishe hodi."

Kwenye C, hodi unabisha mwenyewe. Nikaandika fankisheni: chapa jina, chapa akiba, kisha fuata pointa umchape na mdhamini. Wapo waliokuwa hawana mdhamini, pointa zao tupu, nami nikasahau kuzikagua. Programu ikafa papo hapo. Nikarekebisha. Mara ya pili skrini ikaanza kumwaga Halima, Juma, Halima, Juma, mpaka nikaikatisha kwa Ctrl-C. Kumbe Halima amedhaminiwa na Juma, na Juma amedhaminiwa na Halima. Kwa wakopaji hilo si ajabu. Ni fankisheni yangu iliyodhani kila njia ina mwisho.

Nikakimbilia gdb, debaga iliyokuwapo tangu 1986. Naandika print *m, inakuja rekodi ya Halima na anwani ndani yake. Naandika print *m->mdhamini, anakuja Juma. Mlango mmoja, amri moja. Kwa wanachama watano unavumilia. Kwa mia mbili unachoka.

Mwaka 2019, kazini, nikahamia lugha ya Go nikidhani nimepona. %+v ikanichapia strakti pamoja na majina ya sehemu zake: &{Jina:Halima Akiba:45000 Mdhamini:0xc0000b4018}. Pointa ya nje imefunguliwa, ya ndani imebaki namba. Miaka 11, na bado niko mlangoni!

"Kaka, jaribu maktaba ya go-spew," mwenzangu akaniambia.

Nikaita spew.Dump. Halima akafunguka, chini yake, amesogezwa ndani kidogo, Juma, na chini ya Juma, pale nilipomngoja Halima wa pili, maneno mawili: already shown. Huyu tumeshamwona.

Nikafungua msimbo wa go-spew nione inajuaje. Inaweka orodha ya anwani ilizopitia njiani. Ikikutana na mojawapo tena, inasimama. Haiangalii jina, maana kina Halima chamani wanaweza kuwa watatu. Inaangalia namba ya nyumba, ileile niliyoiona kero tangu siku ya kwanza.