Mkono wa Mpigaji na Mlio wa Ngoma

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ngoma zetu ni mali, na daftari lake siku hizi ni kamera. Hapa kwetu Busunzu, katika miinuko ya Kigoma, ni nadra sherehe kubwa kupita pasipo vijana watatu au wanne kusimama pande mbalimbali za uwanja, kila mmoja na kamera au simu yake. Jambo hilo ni la kupongezwa. Lakini lipo tendo moja dogo ambalo likipuuzwa, daftari hilo huandika uongo. Nalo ni kuoanisha sauti na picha.

Nilipata kuonyeshwa filamu ya ngoma ya Waha iliyounganishwa kutokana na picha za kamera tatu. Mzee aliinua mkwiro, na mlio ukasikika kabla mkwiro haujagusa ngozi. Ilipoingia picha ya kamera ya pili, mguu wa mchezaji ulikanyaga chini kwanza, kishindo kikafuata nyuma. Mwanafunzi aliyeketi karibu nami, akijifunza mapigo kwa vidole juu ya meza, aliuliza, “Mzee, nifuate mkono au nifuate sauti?” Swali hilo lilinihuzunisha, maana mpigaji yule amekwisha kufariki, na filamu ile ndiyo mwalimu aliyebaki.

Chanzo cha kasoro hiyo akijua kila aishiye penye mabonde. Mtu akipasua kuni mlima wa pili, utaliona shoka likishuka, kisha ndipo usikie mlio. Nuru hutufikia mara moja, bali sauti husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Kamera iliyo mita 34 kutoka kwenye ngoma huusikia mlio ukiwa umechelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Na kama inapiga picha 25 kwa sekunde, picha mbili na nusu zimekwisha kupita. Aidha, kila chombo kina saa yake ndani, na saa hizo hazilingani kabisa. Vyombo viwili vilivyoanza pamoja vyaweza kupishana kwa picha mbili au tatu baada ya saa nzima ya ngoma.

Taabu hii si ngeni. Huko Marekani, filamu ya The Jazz Singer ya mwaka 1927 ilikuwa na sauti yake katika santuri. Sindano ikiruka, midomo na maneno viliachana. Hapa nchini pia, kati ya mwaka 1935 na 1937, Waingereza walitengeneza filamu za mafunzo huko Vugiri, Usambara, na sauti zake zilitiwa katika santuri mbali na picha.

Dawa yake imo katika ngoma yenyewe. Wapigaji ni wengi, lakini wote huisikiliza ngoma moja iwaongozayo. Basi na kamera ziwe hivyo hivyo. Kiwekwe kinasa sauti kimoja karibu na wapigaji, na sauti yake ndiyo iwe mama. Kamera zote ziwashwe kabla ya ngoma kuanza. Kisha mtu mmoja asimame karibu na kinasa sauti, mahali ambapo kamera zote zinamwona, agonganishe viganja vyake mara moja kwa nguvu. Wakati wa kuunganisha, ile picha ambayo viganja vinakutana iwekwe sawasawa na mlio wake katika sauti mama. Kamera zisizimwe katikati. Na ngoma ikiisha, viganja vigonganishwe tena, ili ijulikane kama vyombo vimepishana njiani.

Zipo programu za kompyuta zinazolinganisha sauti kwa sauti zenyewe, nazo hupunguza kazi. Hata hivyo hufuata kile ambacho kila kamera imesikia. Na kamera ya mbali imesikia kwa kuchelewa, hivyo picha yake itatangulia mlio. Yafaa jicho la mtu likague mwisho, likiutazama mkwiro unapogusa ngozi.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Walimu wenye vikundi vya ngoma shuleni na wawafundishe vijana kazi hii pamoja na mapigo yenyewe, wangali wapo wazee wa kusema kama filamu imesema kweli.