Kusoma Tu

Kabla sijavua koti nilikuwa nikibonyeza kitufe na kusubiri mlio. Ulikuwa mlio mfupi, sauti chache zikifuatana, kama mpiga udi anayejaribu nyuzi zake kabla wenzake hawajakaa. Ukisikika, nilijua mashine imeamka salama na siku imeanza. Nje ilikuwa baridi ya Uingereza na giza la saa moja asubuhi. Juu ya meza kulikuwa na kompyuta ya bluu, bapa, iliyotengenezwa na Silicon Graphics na kuitwa Indy, na ndani ya Indy kulikuwa na IRIX.

IRIX ni mfumo endeshi, yaani ile programu kuu inayogawa kumbukumbu, inayotunza mafaili, inayochora madirisha kwenye skrini, inayojua nani ameingia na nani haruhusiwi. Nilifanya nayo kazi tangu 1997 hadi 2000, nikiwa mwanafunzi wa kemia. Kutwa nilikuwa nikitazama maumbo ya protini na kuyazungusha kwa kipanya, mpaka nione pembe ambayo molekuli nyingine ingeweza kupenya na kushika. Sasa IRIX imekufa, na msiba huu nimekaa nao miaka mingi bila mtu wa kunipa pole, maana hapa Tanga sijakutana na mwingine aliyeijua. Ukisema umefiwa na programu ya kompyuta, watu hudhani unawatania.

Unix yenyewe ilizaliwa Bell Labs, Marekani, mwaka 1969. Katika miaka ya 1980 kila kampuni iliyounda kompyuta za wahandisi na wanasayansi, zile zenye nguvu kuliko za ofisini lakini zinazotosha juu ya meza ya mtu mmoja, iliichukua Unix na kuizungumza kwa namna yake. Sun walikuwa na SunOS, kisha Solaris. Hewlett-Packard walikuwa na HP-UX, IBM na AIX yao, Digital na Ultrix. Msemaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu hapa. Mtu wa Lamu na mtu wa Unguja wakikutana wataelewana, lakini kila mmoja ana lahaja iliyomlea, na akiwa na uchungu ndiyo itakayomtoka. IRIX ilikuwa lahaja ya watu wa picha.

Ilianza na chipu. Jim Clark, alipokuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Stanford, alibuni pamoja na Marc Hannah, Mmarekani mweusi mzaliwa wa Chicago, chipu waliyoiita Geometry Engine. Ilikuwa na kazi moja: kupiga hesabu za kusogeza, kugeuza na kukata maumbo yenye urefu, upana na kina, hesabu ambazo hadi wakati ule programu zilizifanya kwa kujikongoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Silicon Graphics ikaanzishwa California. Mashine zake za mwanzo zilitumia chipu ya Motorola 68000. Mwaka 1987 wakahamia kwenye chipu za MIPS, na 1988 jina IRIX likatokea. Ilijengwa juu ya Unix System V, ikatiliwa mengi kutoka BSD, ile Unix ya Berkeley.

Mwaka 1992 waliinunua hata MIPS yenyewe. Tangu hapo nyumba moja ikawa inabuni chipu, inaunda bodi za kuchorea picha, inaandika mfumo endeshi na inaandika lugha ambayo programu zote zingeitumia kuchora. Mwashi, seremala na fundi rangi walikuwa wakila sahani moja. Ukizungusha molekuli yenye maelfu ya atomu ikakufuata mkono bila kusitasita, ulikuwa unaona matunda ya watu waliokaa karibu vya kutosha kugombana na kupatana. Hili ndilo ninalolilia zaidi, na nitalirudia.

Wasomaji wengi wameiona IRIX bila kujua. Katika filamu ya Jurassic Park ya mwaka 1993, msichana anakaa mbele ya kompyuta huku mnyama akisukuma mlango, anatambua kwamba mfumo ni Unix, na kwenye skrini anaruka juu ya uwanja wenye majukwaa na masanduku mpaka anafika anakotaka. Mimi niliitazama kwenye kibanda cha video, nimebanwa kwenye benchi, na kila mtu mle ndani alikubali kwamba kompyuta ile ni uongo wa sinema. Haikuwa uongo. Ilikuwa programu halisi ya Silicon Graphics, jina lake fsn: kila jukwaa ni kabrasha, kila sanduku ni faili, na urefu wa sanduku unaonyesha ukubwa wa faili. Siku nilipoikuta kwenye Indy yangu nilicheka peke yangu maabarani, kisha nikaruka juu ya mafaili yangu mwenyewe mpaka saa nne usiku.

Lakini fsn ilikuwa pambo. Nilichokipenda kilikuwa kidogo zaidi. Kwenye mafaili, kila picha ya programu inayoweza kuendeshwa ilikalia zulia la kuruka, kama la hadithi za Alfu Lela Ulela. Faili la kawaida halikuwa na zulia. Mtu fulani alikaa akafikiri: mgeni atajuaje kipi cha kusoma na kipi cha kupanda? Akachora zulia. Picha zenyewe ziliweza kukuzwa na kupunguzwa kwa kuzungusha gurudumu dogo pembeni ya dirisha, na hazikuharibika hata ukizikuza kiasi gani, kwa kuwa zilichorwa kwa mistari. Macho yakichoka, nilizikuza. Miaka kumi baadaye bado nilikuwa nikitafuta gurudumu lile kwenye kompyuta nyingine, kidole kikienda chenyewe mahali ambapo hapana kitu.

Maiti husitiriwa, lakini nikisitiri kila kitu sitakuwa nimemkumbuka yeyote. IRIX ilitoka kiwandani ikiwa na akaunti kadhaa zisizo na nenosiri, mlango wazi kwa yeyote aliyekuwa kwenye mtandao mmoja na wewe. Toleo 5.1 la mwaka 1993 lilikuwa zito mno. Indy yenye megabaiti 16 za kumbukumbu ililemewa nalo vibaya, na Tom Davis, mmoja wa wahandisi wa mwanzo kabisa wa kampuni, aliwaandikia wenzake waraka mkali akieleza jinsi programu zao zilivyonenepa na kupungua ubora. Nimeusoma waraka ule zaidi ya mara moja. Ni hasira ya mtu anayeipenda nyumba yake na anaona paa linavuja.

Kifo chenyewe kilikuja taratibu. Kadi za picha za kompyuta za kawaida ziliendelea kuwa bora na rahisi mwaka hadi mwaka, na baadhi ya wahandisi waliozijenga walikuwa wametoka nyumba ile ile. Jim Clark aliondoka 1994 akaenda kuanzisha kampuni ya Netscape. Silicon Graphics iliinunua kampuni ya Cray mwaka 1996, ikaiuza mwaka 2000. Mwaka 1999 ilileta mashine zinazotumia Windows NT, na mwaka huo huo ikaiweka pembeni nembo yake ya mchemraba wa bomba lililojikunja, nembo ambayo nilikuwa nikiichora pembezoni mwa daftari. Ikaweka matumaini yake kwenye chipu ya Itanium ya Intel. MIPS ikatengwa, kisha ikaachwa iende zake. Mei 2006 kampuni iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Agosti toleo la mwisho, IRIX 6.5.30, likatoka. Septemba wakatangaza kwamba mashine za MIPS na IRIX zinafika mwisho, na tarehe 29 Desemba 2006 utengenezaji ukasimama. Wenye mikataba waliendelea kuhudumiwa hadi Desemba 2013.

Tarehe ya namna hii inanisumbua. Binadamu hafi kwa kupangiwa miaka saba mbele. Nilipoisoma niliihesabia kama mtu anayehesabu siku za mgonjwa aliyerudishwa nyumbani, na ilipofika sikujua nifanye nini. Mashine zilizokuwa zikiwaka ziliendelea kuwaka.

Sheria ya mirathi inataka deni la marehemu lilipwe kwanza, ndipo warithi wagawane. Mwaka 2009 mabaki ya Silicon Graphics yaliuzwa kwa Rackable Systems, ambayo ikajivika jina la marehemu; mwaka 2016 Hewlett Packard Enterprise ikainunua na hiyo. Majengo ya makao makuu pale Mountain View yalikwisha kuchukuliwa na Google tangu 2003. Jengo jingine walilolijenga wenyewe sasa ni Makumbusho ya Historia ya Kompyuta. Nimewahi kutazama picha zake kwa muda mrefu, nikijaribu kuona ni dirisha gani lilikuwa la yule aliyechora zulia.

Urithi wa kweli ulikwenda kwingine. Lugha yao ya kuchorea, IRIS GL, ilizaa OpenGL mwaka 1992, na OpenGL imechora picha kwenye kompyuta za watu wasiojua hata herufi moja ya jina IRIX. Mfumo wa mafaili walioutoa 1994, XFS, walikubali uhamie kwenye mfumo endeshi wa Linux. Ulitoka kwa ajili ya Linux mwaka 2001, na hadi leo unatunza data kwenye seva duniani kote. Watu huniambia hivi kwa nia njema, kama watu wanavyomwambia mjane kwamba watoto wamefanana na baba yao. Ni kweli, wamefanana. Lakini msimbo wa IRIX yenyewe haukufunguliwa kwa umma. Hakuna anayeweza kuurekebisha, kuuhamishia kwenye chipu mpya, kuufundishia. Vipande vilirithiwa, kule kukaa pamoja kwa chipu na programu na watu hakukurithiwa, kwa sababu hakukuandikwa mahali. Kulikuwa ni mazoea ya watu fulani kwenye korido fulani, na watu wale wametawanyika.

Machi 1998 picha ndogo ya sanduku la barua kwenye pembe ya skrini yangu iliinua bendera. Kaka yangu alikuwa akifanya kazi Dar es Salaam, kwenye ofisi yenye barua pepe. Simu ya bweni langu ilikuwa imeita bila kupokelewa, kwa hiyo aliniandikia aliporudi kutoka mazikoni. Niliusoma mstari wa kwanza. Nikasoma barua yote, au nilidhani nimesoma yote. Kisha nikaifunga, nikaihifadhi kwenye kabrasha langu, nikairudisha protini kwenye skrini na kuizungusha. Niliizungusha mpaka mlinzi alipokuja kufunga jengo. Ilikuwa laini, ilinifuata mkono, haikuniuliza kitu.

Sikumjibu kaka siku ile. Sikumjibu wiki ile. Nilijibu baada ya siku tisa, na sina sababu ya kutoa. Kila nilipofungua dirisha la kuandikia, maneno ya Kiswahili hayakuja, na ya Kiingereza hayakufaa.

Maabara ilipobadilishiwa mashine, fundi alinipa diski ya Indy yangu, ndogo lakini nzito kama tofali. Nilirudi nayo Tanga ikiwa imefungwa kwenye soksi. Ilikaa kabatini zaidi ya miaka ishirini, kwa sababu plagi yake haina mwenzake kwenye kompyuta za leo. Mwaka juzi nikapata kiunganishi kilichotumika, kwa bei ya kuumiza, nikaichomeka kwenye kompyuta yenye Linux. Niliwaza kwamba imekwisha kuganda. Ikanguruma, ikazunguka.

Diski ile ilikuwa ya IRIX 5.3, na mafaili yake yalipangwa kwa EFS, mfumo wa zamani uliotangulia XFS. Kwa miaka mingi Linux imebeba sehemu ndogo inayoielewa EFS, kazi ya mtu aliyeona si haki diski hizi zibaki bubu. Lakini inaielewa kwa upande mmoja. Unaweza kufungua, kusoma, kunakili. Huwezi kuongeza faili, huwezi kusahihisha neno, huwezi kufuta. Kompyuta hukwambia hivyo mwanzoni kabisa: kusoma tu.

Nilizikuta protini zangu zote. Nilikuta barua nilizowaandikia walimu, na rasimu ya sura ya tatu yenye makosa ambayo leo ningeyaonea haya. Na nilikuta faili lenye jina la kaka.

Anaanza kwa kuniita mdogo wangu. Anasema Baba alitutoka alfajiri ya Ijumaa, kwamba alizikwa siku ile ile baada ya sala, kwamba watu walikuwa wengi mpaka barabarani. Anasema nisihangaike na nauli, hitima imekwisha kusomwa. Haya yote niliyakumbuka. Chini ya jina lake, baada ya nafasi tupu ya mistari miwili, kuna mstari mwingine ambao sikuwahi kuuona, kwa sababu siku ile sikulishusha dirisha hadi mwisho:

Mama anasema ujibu hata neno moja, ajue kama umekula.